Ukungu Ulioondoka Kilombero

Kwa miaka mingi Ifakara niliyokuwa naijua ilikuwa ya masika tu. Nilifanya kazi ya ufundi umeme katika kiwanda cha sukari upande wa Kidatu, na mtu wa kiwandani likizo hajipangii mwenyewe. Baridi ikiingia miwa inaanza kuvunwa, mitambo inawashwa, na hapo fundi umeme hawezi kwenda kwa bosi wake kuomba ruhusa ya kusalimia wazazi. Ruhusa nilikuwa naipata mvua zikiwa zimekolea. Nilipanda basi, nikafika nyumbani Lipangalala viatu vikiwa vimejaa tope, nikakaa siku chache nikisikiliza mvua juu ya bati, kisha nikarudi kazini. Miaka ya mwisho kabla ya kustaafu hata ruhusa hiyo sikuipata.

Msimu wa baridi wa kwetu nilikuwa nausikia kwenye simu. Mama alikuwa na kawaida ya kunipigia asubuhi kabla sijaingia zamu. Akishaitikia shikamoo yangu, akiuliza habari za mke wangu na watoto, anahamia kwenye hali ya hewa. Ananiambia ukungu umetanda, hata choo cha nyuma hakioni, anasubiri upungue ndipo atoke. Nami nacheka. Huko nilikokuwa, asubuhi zetu zilikuwa za moshi wa miwa inayochomwa, na majivu meusi yaliyodondoka kwenye nguo tulizoanika. Kusikia kwamba nyumbani bado kuna ukungu kulinipa raha fulani. Mambo mengine yote yalikuwa yamebadilika. Daraja lilikuwa limejengwa Kivukoni, pantoni imebaki hadithi, watu wamejenga hadi kwenye majaruba ya mpunga. Nikajiambia, angalau ukungu upo.

Mtu asiyeujua ukungu ule huenda akadhani nazungumzia wingu jepesi la alfajiri. Wa kwetu ulikuwa unaingia ndani ya nyumba. Ulipita kwenye uwazi kati ya ukuta na paa, ukalowesha mablanketi. Tukienda shule tulishikana mikono, na mwalimu alipopiga kengele tulikuwa tunaifuata sauti yake kama vifaranga. Milima ya Udzungwa, ambayo msimu mwingine ilikuwa mbele yetu kama ukuta, ilipotea kabisa. Tulikuwa tukiiona mchana tu, na watoto wadogo waliamini kwamba milima inalala na kuamka kama watu.

Baba yangu alikuwa mvuvi Kivukoni, na pantoni iliposhindwa kuondoka kwa sababu ya ukungu alikuwa anavusha watu kwa mtumbwi. Asubuhi moja ya likizo alinichukua. Tulikuwa tunarudi kutoka ng'ambo ya Ulanga, sisi wawili tu, mimi nimekaa karibu na magoti yake, na bado uso wake sikuuona. Katikati ya mto nikasikia pumzi. Ilikuwa pumzi nzito, ya kitu kikubwa kinachopuliza maji puani, na ilitoka mbele yetu, halafu ikatoka ubavuni. Baba akainua kafi, akaacha kupiga maji. Aliniwekea mkono kichwani na kunibana kidogo, nikajua maana yake ni kunyamaza. Mtumbwi ukawa unakwenda na mto, na viboko wakapumua huku na huku, sisi hatujui ufukwe uko upande gani.

Kisha tukasikia debe. Mama alikuwa akiuza pepeta, ule mpunga mbichi uliokaangwa na kutwangwa, kwa wasafiri waliokuwa wakisubiri pale Kivukoni, na aliposikia viboko akajua mumewe na mwanawe wamo mtoni. Alichukua debe tupu la mafuta, akaanza kulipiga kwa jiwe, pigo moja, ananyamaza, pigo lingine. Baba akageuza mtumbwi taratibu kuelekea sauti ile. Tulipogusa mchanga nilimsikia mama kabla sijamwona. Alimsema baba mbele ya abiria wote, maneno ambayo sikuwahi kumsikia akiyasema tena mpaka baba alipofariki. Baba akafunga mtumbwi. Alikuwa anatetemeka, na nilishangaa kuliko nilivyowashangaa viboko, kwa sababu nilidhani mtu mzima hatetemeki.

Ukungu wa namna hiyo ndio niliokuwa nao kichwani nilipostaafu. Nilipomaliza kukabidhi vifaa nikamwambia mke wangu kwamba safari hii nakwenda nyumbani wakati wa baridi, nataka kuamka nikiwa ndani ya ukungu tena. Alinifungia sweta nyekundu nene, akacheka.

Nilifika jioni. Mdogo wangu wa kike, ambaye anaishi nyumba ya pili kutoka kwa mama na anauza samaki sokoni, alikuwa ametupikia wali na kambale. Mama alinipokea kibarazani. Akanishika mikono, akanipapasa mabega, akanipapasa na mashavu, akasema nimekonda. Niliona ni mapenzi ya mama. Tulikula tukiwa na taa ya umeme hafifu, akala vizuri, akatania, akasimulia habari za jumuiya yao ya kanisani. Akaniambia niweke sweta karibu na kitanda kwa kuwa ukungu wa siku hizi ni mkali.

Niliamka jogoo wakiwika, nikavaa sweta, nikafungua mlango.

Hakukuwa na kitu. Yaani kulikuwa na kila kitu: nyumba ya jirani, minazi nyuma yake, bodaboda anayefuta kiti barabarani, na mbali kabisa Udzungwa, imesimama wazi na mikunjo yake yote kana kwamba mtu ameichora. Mbingu ilikuwa safi kama ya mchana. Nilishuka kibarazani nikakanyaga majani, yalikuwa makavu. Nilibaki nimesimama uani kama mtu aliyeshuka kituo ambacho si chake. Nikajiambia huenda ni leo tu. Kila msimu una siku zake.

Mama alikuwa ameamka kabla yangu. Amekaa kwenye kigoda chake kibarazani, amejifunika kitenge, na jua ndiyo kwanza linampiga usoni. Nilimwamkia, akaitikia. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeonyesha mali yake:

"Umeuona? Leo umezidi."

Niliuliza umezidi nini.

"Ukungu," akasema. "Uko wapi wewe? Sogea huku, unakuficha."

Nilikuwa nimesimama mbele yake. Hata hatua mbili hazikuwa katikati yetu, na nilikuwa na sweta nyekundu. Macho yake yalikuwa yameelekea kwangu, lakini yalipita pembeni kidogo ya sikio langu, na katikati ya kila jicho niliona weupe kama maziwa yaliyomwagika na kukaukia. Jana usiku, kwa ile taa, sikuuona. 

Yeye akaendelea kuzungumza. Akasema tusubiri upungue ndipo twende shamba kuangalia wavunaji. Akanyoosha mkono kuchukua kikombe cha chai, vidole vikatembea juu ya sakafu kama mtu anayetafuta sindano, vikakipata. Alikuwa anafanya hivyo kwa ustadi. Ilikuwa dhahiri kwamba amekuwa akifanya hivyo kwa muda mrefu.

Nilikwenda kwa mdogo wangu bila kuaga. Alikuwa anapanga perege kwenye beseni kabla ya kwenda sokoni. Nilimuuliza mara ya mwisho kuona ukungu Ifakara ni lini. Alinitazama kama mtu aliyeamka na homa. Akafikiri, akasema ukungu wenyewe hasa ni zamani, kabla ya daraja. Baadaye ulikuwa unaonekana mtoni tu, mstari mwembamba juu ya maji, nao jua likitoka unakwisha. Na miaka ya karibuni hata huo huuoni, labda asubuhi moja moja. Alisema watoto wake mtu akitaja ukungu wanadhani ni moshi wa mashamba yanayochomwa.

Nikamuuliza, sasa mama anaona ukungu gani?

Aliacha samaki. Alieleza kwamba mama amekuwa akitaja ukungu kila siku, naye alidhani anakumbuka mambo ya zamani, kama wazee wanavyopenda, kwa hiyo alikuwa akiitikia tu, ndiyo mama, leo umetanda. Alikuwa akienda sokoni mapema na kurudi jioni. Alimkuta mama amefagia, amepika, amekaa. Halafu nikaona uso wake unabadilika wakati anazungumza. Alikuwa amekumbuka kitu. Akaniambia polepole kwamba juzi, siku ambayo hakwenda sokoni, mama aliutaja ukungu mchana, wakati wa kula.

"Kaka," akasema, "mimi nilimjibu ndiyo."

Akakaa chini palepale karibu na beseni, mikono imejaa magamba, hakuweza hata kujifuta machozi.

Siku ile ilikuwa ngumu. Tulirudi pamoja kwa mama na kumwambia twende hospitali, akakataa kwa hasira. Alisema macho yake ni mazima, kama kuna ugonjwa ni wa hali ya hewa. Nilimwambia, kwa upole kadiri nilivyoweza, kwamba hakuna ukungu, mama, jua linawaka, hata milima naiona. Aligeuza uso kuelekea milimani. Aliuelekeza sawasawa, kwa mazoea ya maisha yake yote. Alitazama kwa muda. Kisha akatuambia tumwache apumzike.

Jioni aliniita peke yangu. Aliniambia jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nakosa raha. Mwanzoni, alisema, aliamini kabisa kuwa ni ukungu, maana ulikuja msimu wake, wakati wa baridi, na aliufurahia, kwa sababu alikuwa amekaa miaka akiona unapungua. Alidhani umerudi. Alikuwa akitoka asubuhi na kusimama uani kuuangalia. Joto likaja, vumbi likaja, watu wakaanza kulima, na bado ukungu upo.

"Hapo nikajua," akasema. "Mwezi wa kumi hakuna ukungu."

Nikamuuliza kwa nini hakutuambia.

"Ningesema, ungenichukua unipeleke Kidatu."

Ni kweli ningemchukua. Chumba tulikuwa tumeshakizungumzia, mimi na mke wangu. Kwa hiyo mama yangu alikuwa amehifadhi upofu wake kama mtu anavyoficha chakula, akatembea kwenda kanisani kwa kufuata hatua za wenzake, akajua ugali umeiva kwa mkono na harufu, akanipigia simu kunisimulia ukungu ili nisiulize mambo mengine. Ilinitisha jinsi alivyofaulu. Nilimwahidi kwamba hataondoka Lipangalala asipotaka mwenyewe, na kwa ahadi hiyo tu akakubali kwenda hospitali.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alimwamkia mama kabla ya kumgusa, akamwangalia macho kwa taa yake, akasema ni mtoto wa jicho, yote mawili, na kwamba amechelewa lakini hajachelewa sana. Wangeanza na jicho la kulia. Mama aliuliza kama atasikia maumivu, akauliza pia kama daktari ameshakunywa chai, maana hataki kupasuliwa na mtu mwenye njaa. Wauguzi walicheka. Mimi na mdogo wangu tulikaa kwenye benchi la nje, na mama alipotoka akiwa na bandeji jicho moja, ameshikwa mkono, alionekana mdogo kuliko nilivyomzoea.

Walipomfungua kesho yake nilikuwa mbele yake. Alifumba, akafumbua, akafumba tena. Kisha akaniangalia. Safari hii aliniangalia machoni. Aliniangalia muda mrefu bila kutabasamu, mkono wake ukapanda mdomoni.

"Umezeeka," akasema.

Alishtuka kweli. Katika macho yake nilikuwa bado yule fundi wa miaka ya nyuma mwenye nywele nyeusi. Alimgeukia mdogo wangu, akamwangalia pia, akaanza kulia; muuguzi akamkataza, akamwambia jicho bado bichi.

Tulipaswa kwenda nyumbani moja kwa moja. Lakini tulipokuwa kwenye bajaji mama alitaka tupelekwe Kivukoni. Alisema anataka kuuona mto kabla ya kuona kitu kingine. Ilikuwa asubuhi bado. Dereva alitushusha mwanzo wa daraja, nasi tukatembea taratibu, mama katikati, amevaa miwani nyeusi aliyopewa hospitalini.

Alisimama akashika chuma cha daraja na kuvua miwani. Mdogo wangu alimkataza, hakusikia. Chini yetu mto ulikuwa umelala, mwembamba, kingo zake za mchanga ziko nje kama mbavu. Mitumbwi michache ilikuwa imefungwa. Ng'ambo, pale ambapo zamani palikuwa na matete marefu na makundi ya sheshe, wale swala wa bondeni, waliokuwa wakitokea ukungu unapofunguka, palikuwa na mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa, yameenda mpaka macho yanapokoma, na hapa na pale moshi wa mabua yanayochomwa. Ng'ombe walikuwa wanashuka majini kwa mstari mrefu. Kila kitu kilionekana. Hapakuwa na mahali popote pa kuficha chochote.

Mama aligeuza uso polepole kutoka upande mmoja wa mto hadi mwingine. Alikuwa ameyasikia mambo haya yote, kwa sababu mtu haishi Ifakara bila kusikia habari za mashamba, ng'ombe na misitu iliyokwisha. Lakini kuyaona ilikuwa jambo jingine. Hatimaye aliuliza ukungu uko wapi. Nilimwambia haupo, mama, si leo tu. Aliuliza tangu lini. Mimi sikujua, nikamtazama mdogo wangu, naye akasema hajui siku wala mwaka, ulikuwa ukipungua, wakawa hawauangalii tena.

"Kwa hiyo nilikuwa nao peke yangu," mama akasema.

Alivaa miwani yake. Tulipofika nyumbani aliingia ndani akajilaza, akaelekea ukutani.

Siku ya kupasuliwa jicho la pili ilipokaribia, alikataa. Tulidhani anaogopa. Alisema haogopi, jicho moja linamtosha kwa kupika na kusali, hilo lingine liachwe kama lilivyo. Mdogo wangu alimbembeleza, padri alimsihi, mimi nilikasirika nikatoka nje, kisha nikarudi. Mwishowe nikamuuliza kama anataka kulibakiza kwa ajili ya ukungu. Aligusa lile jicho kwa kidole, akageuza uso. Sikuuliza tena. Nilimpigia mke wangu nikamwambia nitakaa Ifakara kwa muda, akasema alijua tangu nilipoondoka.

Ikapita miezi. Joto likaja, mvua za kwanza zikagusa ardhi, na matrekta yakaanza kulima bondeni. Mama akasema anataka kwenda shamba. Kwa muda wote aliokuwa haoni alikuwa akifika pale akisindikizwa na vibarua, anakaa chini ya dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia ndege, anasikiliza kazi. Sasa alitaka kuona. Tulikwenda sote watatu.

Mpaka wa shamba letu na la jirani ulikuwa kichuguu kikubwa. Baba ndiye aliyekichagua alipopewa eneo lile, na hakuna mtu aliyewahi kukibishia. Mama alisimama, akaziba jicho bovu kwa kiganja ili lisimchanganye, akaangalia kwa lile zima. Kichuguu kilikuwepo. Lakini kilikuwa ndani ya shamba la jirani, kimezungukwa na ardhi yake iliyolimwa upya, na kutoka pale mpaka mwanzo wa shamba letu mtu angeweza kujenga nyumba na ua wake.

Mimi sikuwa nimekanyaga pale tangu ujana. Mdogo wangu alikuwa akiishia barabarani kuleta chakula cha vibarua. Trekta ya jirani ilikuwa imekula ardhi yetu kidogo kila msimu, na mama, mwenye shamba, alikuwa amekaa palepale, chini ya dungu, akisikia injini inapita karibu.

"Hapa nilikuwa nakaa," mama akasema, akionyesha. "Nilikuwa naisikia."

Nilitegemea atalia kama alivyolia hospitalini. Badala yake alifunga kitenge chake vizuri, akavuka matuta yaliyolimwa akikanyaga kwa tahadhari, akaenda mpaka kwenye kichuguu, akakizunguka chote na kukigusa. Tulipotoka shambani hakupitia nyumbani. Alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kwanza. Jirani aliitwa, akafika na shikamoo nyingi, akajitetea kwamba dereva wa trekta hakuujua mpaka. Mama alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamwambia kwamba kesho atakuwa pale wakati wa kupima, na kwamba safari hii anaona. Jirani aliinamisha kichwa. Kesho yake kamba ilivutwa kutoka kwenye kichuguu, na ardhi yetu ikarudi.

Usiku huo tulikula dagaa na ugali. Mama alikuwa amechoka, miguu imevimba, na alikuwa anazungumza kuliko siku zote. Alipanga mbegu gani zipandwe, nani aajiriwe, nani asirudi kukanyaga pale. Katikati ya maneno hayo, bila kubadilisha sauti, akaniambia niende hospitali asubuhi nikaulize kama yule daktari kijana bado yupo.

Nilikwenda. Alikuwepo.